Mtoto wa Minnesota kamcheka babu yake: ni "wota" au "wara"? R ya Kiingereza imepotelea wapi?

#1 Mjomba Muheza
Wakuu, salaam. Nina kesi ya nyumbani naileta barazani.

Dada yangu yuko likizo na binti yake wa miaka tisa, mzaliwa wa Minneapolis, Minnesota. Baba yetu ni mwalimu mstaafu, amefundisha Kiingereza miaka 34, na mpaka leo ukisema "he don't" mbele yake unarudia sentensi nzima. Juzi wakati wa chakula akamwomba mjukuu maji, kwa Kiingereza, ili mtoto ajisikie yuko kwao. Akasema "wota". Mtoto kimya. Mzee akarudia taratibu kama anasoma imla: wo-ta. Mtoto akamgeukia mama yake, babu anataka nini? Alipoambiwa akaruka: "Oh, wara!"

Tulicheka wote kasoro mzee. Tangu hapo ni vita. Mzee anasema Wamarekani wamekivunja Kiingereza. Mtoto anasema babu anaruka herufi: "car" anasema kaa, "park" anasema paak, "nurse" anasema nes. Sasa ameanza kuandika R kubwa kwenye karatasi na kuzibandika kwenye friji.

Swali: hiyo R, Wamarekani wameiongeza au Waingereza wameimeza? Leteni ushahidi, nitakwenda kumsomea mzee.

#2 Chura wa Mvua
Nimevuta kigoda. Kahawa na kashata viko wapi?

#3 Dalali Msomi
Jibu rahisi mkuu. Wamarekani walipojitangazia uhuru 1776 waliamua kubadiri kila kitu ili wasifanane na mkoloni. Tahajia wakabadiri, matamshi wakabadiri, hata upande wa kuendesha gari. R wameongeza wao. Mzee yuko sahihi. Funga uzi.

#4 Kalamu Butu
Uzi haufungwi mapema hivyo.

Dalali Msomi, gari la 1776 lilikuwa la farasi, hilo tuliache. La R umeligeuza kichwa chini miguu juu. Walowezi wa kwanza wa Kiingereza walifika Jamestown, Virginia, mwaka 1607, na wale wa Plymouth mwaka 1620. Wakati huo Waingereza kwa ujumla walikuwa wakiitamka R kila ilipoandikwa. Ndiyo maana imeandikwa. Haikuwekwa pale iwe pambo. Kuimeza kulikuja kushika kasi London na kusini mashariki ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. John Walker, aliyetoa kamusi ya matamshi London mwaka 1791, alishaandika kwamba watu wa mji ule wanaitamka R kwa ulegevu mno. Kufikia hapo Marekani ilikuwa imeshajaa watu wenye R zao midomoni.

Kwa hiyo kwenye R mtoto ndiye mwenye Kiingereza cha zamani. Mzee ana toleo jipya.

Kwenye tahajia uko nusu sahihi. Noah Webster alitoa kamusi yake ndogo 1806 na ile kubwa 1828, na "color" bila U, "center" badala ya "centre", yalisambazwa na yeye kwa makusudi kabisa.

Na ni "kubadili", siyo "kubadiri". Kabla hatujawahukumu Wamarekani tuzichunge R zetu wenyewe.

#5 Dalali Msomi
Hiyo ni kibodi mkuu, R na L ziko karibu.

#6 Chura wa Mvua
Haziko karibu. Nimeangalia.

#7 Mama Leicester
Habari zenu. Naishi Uingereza mwaka wa kumi na tano, naomba niseme jambo. Mnaposema "Waingereza" mnawasomba wote kwenye gunia moja. Nenda Bristol au Cornwall uwasikilize wazee, R inanguruma kama pikipiki. Wale maharamia wa kwenye sinema wanaosema "arrr" lafudhi yao ni ya upande huo. Skotilandi wanaitamka, Ayalandi wanaitamka. Wanaomeza ni sehemu kubwa ya Uingereza yenyewe pamoja na Welisi, na kwa kuwa redio na shule zilichukua lafudhi ya wakubwa wa kusini, ndiyo iliyopandishwa meli kuja kwetu.

Ila kilichonitesa mimi siyo R, ni maneno. Mwezi wangu wa kwanza niliumwa tumbo. Mwenyeji wangu akaniambia kesho saa tatu asubuhi nenda "surgery". Usiku mzima sikulala. Nilimpigia mama simu Moshi nikamuaga. Kumbe "surgery" kwa huku ni kizahanati cha mtaani cha daktari wa kawaida! Niliandikiwa dawa ya gesi tumboni nikarudi.

Na hapa Leicester muuza duka anakuita "me duck". Mara ya kwanza nilikasirika, nimefanana na bata mimi?

#8 Kijana wa Temeke
Sisi huku tunakula bata, nyie mnaitwa bata. Maisha hayana usawa 😂

#9 Mlima Baridi
Mama Leicester karibu Glasgow uone. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mtu mzima sana. Kila Jumamosi asubuhi anavaa koti, anabeba mfuko, anasema anakwenda kuchukua "messages". Nikasema huyu bibi ana mtandao wake, anafuata meseji kwa miguu. Wiki ya tatu akaniomba nimsaidie kubeba. Ni viazi, maziwa na mkate! Kwa Waskoti wa kule "messages" ni manunuzi ya nyumbani. Na wanauliza "how?" pale wengine wanapouliza "why?". Unamwambia siji kesho, anakuuliza "how?", unabaki unajieleza: kwa basi… hapana, siji.

#10 Chura wa Mvua
Siji kwa basi. Nimecheka peke yangu ofisini.

#11 Mkaazi wa Boston
Nimesoma #4, nakubali mwanzo wake, ila lina shimo. Kama Wamarekani walibaki na R ya zamani, mbona huku Boston watu wa hapa asili wanaimeza kuliko babu wa Muheza? Wana utani wao wa kuegesha gari Harvard, wanatamka "paak the caa". New York ya zamani hivyo hivyo, na kusini kule Charleston na Savannah. Tena Boston siyo mji wa jana, ni wa 1630.

Nilivyoelewa mimi, miji ya bandari ilikuwa na matajiri wanaofanya biashara na London, watoto wao wanakwenda kusoma huko, wanarudi na ulimi mpya. London ikiacha R, nao wanaacha. Bara ndani hakuna aliyejali. Philadelphia tu ndiyo bandari kubwa ya mashariki iliyogoma.

Halafu upepo ukageuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuimeza R kukaanza kuonekana ushamba New York. Mtafiti William Labov mwaka 1962 alizunguka maduka matatu makubwa ya jiji, la bei kali, la kati na la bei poa. Anauliza bidhaa ambayo anajua iko ghorofa ya nne, ili ajibiwe "fourth floor", maana hapo kuna R mbili. Akijibiwa anajifanya hakusikia ili arudiwe. Wauzaji wa duka la bei kali ndio waliotamka R zaidi, wa bei poa kidogo sana. London R inakushusha hadhi, New York inakupandisha. Sauti ni ileile.

#12 Fundi Spana
Huyo Labov angekuja Kariakoo angepigwa. Unauliza mara mbili hununui?

#13 Kalamu Butu
Mkaazi wa Boston, shimo umeliona vizuri, nakubali. Ila kuna maelezo ya tatu watu huyasahau. Karne ya 18 walihamia Marekani watu wengi mno kutoka Ulster, kaskazini ya Ayalandi, wenye asili ya Skotilandi. Walishukia zaidi Pennsylvania, wakasambaa milima ya Appalachia na magharibi. Hao R yao ni nzito. Wapo wanaosema hao ndio walioibeba R ndani ya bara, siyo wale wa Jamestown. Mimi naona vyote vilichangia, ila kipi zaidi sitakuapia.

Halafu wamezaji wana kituko kingine. R wanayoimeza huku wanaitoa kule isipotakiwa. Msikilize mtu wa London akisema "law and order" haraka, utasikia "lor and order". "India and China" inakuwa "Indiar and China".

#14 Kijana wa Temeke
Yaani wanakopa huku wanalipa kule. Hao ni sisi.

#15 Fundi Spana
Mimi shule iliniishia darasa la saba, Kiingereza changu ni cha gereji na YouTube. Niwape yangu.

Gari lote tumelirithi kwa Mwingereza. Boneti, buti, madigadi, spana, eksozi. Sasa ukifungua video ya fundi wa Kimarekani unapotea. Boneti anaita "hood", buti "trunk", spana "wrench", madigadi "fender". Siku moja mteja kaleta gari lililotoka Marekani, ananiambia kitabu kimeandika lisizidishwe "gas". Nikamwambia boss hili halijafungwa mfumo wa gesi, mtungi uko wapi? Hapa Dar siku hizi bajaji na teksi kibao zinatembelea gesi asilia, mimi mwenyewe nimefunga kadhaa. Tumezunguka gari nusu saa tunatafuta mtungi. Kumbe "gas" yao ni petroli!

Mwalimu mstaafu yuko sahihi. Mtu anayeita kimiminika gesi asitufundishe kitu.

#16 Binti Ngamiani
Fundi Spana umenifungua macho bila kujua. Tazama jina lako. "Spanner" ina R mwishoni, wewe unaishia na A. Sasa endelea: shati, sketi, nesi, kadi, fomu, bodi, wodi, pasipoti, koplo, kabati, baa, kupaki. Mwishoni dereva, meneja, sweta, poda, oda. Kila neno hapo Kiingereza chake kina R, na kila R imekufa. Kama tungeletewa shati na Mmarekani leo tungevaa mashirti.

Kiswahili chetu ni kama kaseti ya zamani. Kimerekodi namna Mwingereza wa wakati ule alivyotamka. Mjomba Muheza, mwambie mtoto babu haruki herufi, alizikuta zimeshaondoka.

#17 Mjomba Muheza
Hii #16 nimeipiga picha, inakwenda friji kushindana na zile R.

#18 Yakhe wa Kibokoni
Binti Ngamiani, maneno yako matamu lakini ngoja nikutie mchanga kidogo. Sisi Mombasa na Kenya nzima tunasema "korti". Mtu apelekwa kortini. R hiyo hapo, yaangaza. Na "daktari" je? Na "sarakasi", ambayo ni "circus"? Kaseti yako ina mikwaruzo.

Jamaa zangu wa bara huniambia ni Waskoti. Wamisionari wa Kiskoti walikita kule Kikuyu, hata pahali pakaitwa Thogoto, yaani "Scot" katika ulimi wa Kikuyu. Na Mskoti, kama alivyosema Mama Leicester, R haachi.

#19 Kalamu Butu
Thogoto ni kweli, lakini sarakasi haikutoka Thogoto. Hindi wanasema "sarkas", na daktari wao ni "daktar". Mahakama pia wanaita "kort". Makarani, wanasheria, wenye maduka na mafundi wa reli wengi walikuwa Wahindi, na Mhindi husoma R kama ilivyoandikwa. Mimi naweka shilingi yangu kwa Mhindi.

#20 Yakhe wa Kibokoni
Shilingi yako moja haitoshi hata kahawa, lakini nimekusikia. Bado siwatoi Waskoti.

#21 Mwana Uvira
Jambo bandugu. Mimi Mukongomani, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Ohio. Binti Ngamiani, naomba nipinge kidogo. Sisi Kongo gari tunaita motuka, inatoka Kilingala, na mwanzo wake ni "motor car". R zote mbili zimeliwa, na sisi hatukutawaliwa na Mwingereza, ni Mbelgiji. Pengine si kaseti. Pengine ndimi zetu hazipendi R kukaa mbele ya konsonanti au mwisho wa neno, basi.

Na huku Ohio soda inaitwa "pop". Binamu yangu yuko Texas, yeye aliomba "coke" akaulizwa "coke gani?", wakamtajia na Sprite ndani. Kule kwao kila soda ni coke, na kinywaji chenyewe kilizaliwa Atlanta mwaka 1886, labda ndiyo sababu. California wanasema soda kama nyinyi. Nchi moja, chupa moja.

#22 Binti Ngamiani
Mwana Uvira karibu sana, hoja yako nzito. Lakini Kiswahili kingekuwa hakipendi R tusingekuwa na "karatasi". Kiarabu ni "qirtas", tukachomeka A katikati ili R isife. "Sharti" tumeiacha vilevile na R yake. Tulipoisikia R tuliihifadhi. Tusipoisikia tungeihifadhije? Nasimama na kaseti. Ila motuka imenikosesha usingizi, sikatai.

#23 Dalali Msomi
Narudi kwa mguu mwingine. Mnisamehe R, lakini "soccer" je? Hilo ni neno la Wamarekani, Mwingereza anasema "football". Sasa sisi "soka" tumeitoa wapi kama si Marekani? Kaseti ya Binti Ngamiani imekatika.

#24 Mlima Baridi
Dalali leo siyo siku yako. "Soccer" imezaliwa Uingereza. Chama cha FA kilianzishwa 1863, mpira wake ukaitwa "association football" kuutofautisha na raga. Wanafunzi wa vyuo vikubwa wa miaka ya 1880 walikuwa na mchezo wa kukata neno na kubandika -er, raga wakaiita "rugger", na kutoka "association" wakanyofoa "soc", ikawa "soccer". Waingereza wakalitumia miongo na miongo. Wameanza kulikimbia juzi juzi, walipoona Wamarekani wanalipenda. Kwa hiyo soka yetu ni ya Mwingereza wa kabla hajaona haya. Inaiongezea nguvu kaseti.

Hata "fall" kwa majira ya majani kudondoka, ambayo Waingereza wanaicheka, ilikuwa ya kwao karne ya 16. Na "gotten" pia.

#25 Dalali Msomi
Naomba uzi ufungwe, sasa kwa sababu za kiafya.

#26 Mwalimu Kilifi
Asanteni kwa uzi. Nilisoma Leeds, Yorkshire. Profesa alinialika kwake kwa "tea" saa kumi na moja jioni. Mimi mtu wa pwani, chai ni chai, na mtu hendi chai ya watu na njaa. Nikala wali wangu na samaki nikashiba, nikaenda kunywa kikombe kimoja kwa adabu. Nafika, meza imejaa nyama ya kuoka, viazi, karoti, mchuzi. Kaskazini kule watu wengi "tea" ndiyo chakula chao cha jioni, na "dinner" ni cha mchana! Nikala tena kwa heshima ya mama mwenye nyumba. Usiku huo nililala nimekaa.

Na mkate mdogo wa mviringo usiuulize jina kama una haraka. Manchester "barm", Nottingham na Leicester "cob", Coventry "batch", kwingine "bap" au "roll" tu. Safari fupi ya basi, mkate una majina matano.

#27 Mama Leicester
Kweli kabisa, cob. Nilidhani wananiuzia gunzi la mahindi.

#28 Yakhe wa Kibokoni
Mwalimu, ulikula mara mbili kwa heshima? Sema ukweli.

#29 Mtani wa Jinja
Nyie mnasema Uingereza na Marekani, mmesahau majirani. Panda taksi Kampala, mtu akikuambia "you extend" anataka usogee akae. Mgeni Mwingereza anafikiri anaambiwa anyooshe kitu. Na Mkenya ukipotea siku mbili anakuambia "you are lost", wakati umesimama mbele yake. Hicho ni "umepotea" kimevaa suti.

#30 Mkaazi wa Boston
Hapo Waswahili tuna la kujivunia, "ninyi" tunayo. Kiingereza cha sasa hakina wingi wa "you", kila mkoa unajitengenezea: kusini mwa Marekani "y'all", Liverpool na Ayalandi "youse", Pittsburgh "yinz". Ile ya umoja, "thou", iliwatoka mikononi, isipokuwa sehemu kama vijiji vya Yorkshire ambako wazee bado wana "tha".

#31 Mwalimu Kilifi
Nathibitisha "tha". Mwanzo nilidhani yule mzee hana meno.

#32 Mjomba Muheza
Wakuu, mrejesho. Nimemsomea mzee uzi wote jana jioni kibarazani, mtoto yuko pembeni na mama yake anamtafsiria.

Mzee anasema hiyo 1791 anaikubali, lakini aliyemfundisha yeye alitoka London, hakutoka Bristol, na mtu hufuata mwalimu wake. Kuhusu korti yuko upande wa Wahindi, kwa sababu karani wa kwanza aliyemjua Tanga alikuwa Mhindi. Kwa motuka amekaa kimya muda mrefu, akaomba nimrudie kesho.

Mtoto yeye amechukua orodha ya Binti Ngamiani anazunguka nayo nyumbani. Anasoma "sherti", "skerti", "nersi", "kardi". Babu anamsahihisha moja moja. Jana ndiyo mara ya kwanza nimemwona anacheka tangu ile ya maji.

#33 Chura wa Mvua
Kwani siku ile maji aliletewa?

#34 Mjomba Muheza
Alinyanyuka akajichotea mwenyewe mtungini.